Yaya amerudi kutoka Dar na mguu mmoja umevimba: tungoje au twende?

Jambo sana, Mama.

Nakuandikia kutoka Lubumbashi, komini (mtaa) ya Katuba, kwa ajili ya yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa. Ana miaka 38 na watoto wanne, anauza vitenge na nguo za watoto kwenye soko la komini ya Kenya, hapa hapa mjini. Mzigo anaufuata mwenyewe Dar es Salaam, Kariakoo, kwa basi.

Safari hii alirudi Alhamisi. Njia nzima, kutoka Dar hadi Tunduma, kukata Zambia mpaka mpakani Kasumbalesa, alikaa kiti cha dirishani na robota la vitenge chini ya miguu, kwa sababu aliogopa likiwekwa kwenye buti litapotea. Anasema hata maji hakunywa, asije akamsumbua dereva kusimamisha gari porini. Jumamosi akaanza kulalamika kwamba kigimbi cha mguu wa kushoto kinamkaza. Tukasema ni uchovu wa safari.

Mama mkwe wake, ambaye sisi wote tunamheshimu, anamkanda kila jioni kwa maji ya moto na mafuta ya mentoli. Pale famasi ya jirani walimchoma sindano ya diklofenaki, maumivu yakapungua siku moja yakarudi. Sasa ni Jumanne, mguu umevimba mpaka chini ya goti, kiatu hakifungi. Mguu wa kulia hauna kitu. Tangu jana akipanda ngazi za nyumba anasimama katikati kuvuta pumzi, na ana kikohozi kidogo. Yeye anasema ni vumbi.

Jirani mmoja anasema yaya amekanyaga kitu alichowekewa na mwenzake wa sokoni mwenye wivu. Mama mkwe ameanza kuamini hivyo, na kuna watu wa maombi wamesema afunge siku tatu bila chakula wala maji. Bwana yake yuko kazini Kolwezi, anasema tusikilize mama yake.

Kuna jambo lingine, Mama, ambalo nyumbani ninalijua mimi tu. Yaya anameza vidonge vya kupanga uzazi tangu miezi michache iliyopita. Mama mkwe anataka mtoto wa tano, na bwana yake hajaambiwa. Yaya ameniapisha nisiseme. Sijui kama vina uhusiano na mguu.

Tungoje siku tatu za maombi ziishe, au nimpeleke hospitali? Na nikimpeleka, nimwambieje mama mkwe bila kumvunjia heshima?

Mdogo mtu, Katuba

*

Mwanangu,

Nilikujibu kwa simu siku ile ile, maana barua ya namna hii haiwezi kungoja zamu yake. Haya ninayaandika kwa ruhusa yenu nyote wawili, kwa sababu mabasi ya Dar yanashusha watu kila wiki, na nyumba nyingi zingefanya kama ninyi mlivyofanya: kukanda, sindano ya famasi, kungoja.

Jibu nililokupa ndilo ninalolirudia hapa. Mpeleke leo. Mguu peke yake ungetosha kunifanya niseme hivyo, lakini pumzi inayokatika kwenye ngazi ndiyo iliyonifanya nikuombe usingoje hata bwana yake apige simu. Nilikuambia pia asitembee mpaka barabarani, teksi iingie hadi mlangoni.

Damu inaweza kuganda ndani ya mshipa mkubwa unaopita katikati ya nyama za mguu. Madaktari wetu wanaita flebiti, au trombozi. Donge hilo likikaa pale lilipo linaleta uvimbe na maumivu. Kipande chake kikimeguka, damu inakipandisha, kinapita moyoni na kwenda kuziba mishipa ya mapafu, na hapo mtu anaweza kufa siku hiyo hiyo, akiwa jana yake alikuwa anapika bukari (ugali) na kupanga vitenge vyake. Nimefanya kazi wodini muda mrefu, na vifo vya namna hii ndivyo vinavyoniumiza kuliko vingine, kwa kuwa mara nyingi mguu ulikuwa umeshasema siku kadhaa kabla.

Basi tuuangalie huo mguu. Mlaze mtu mchana penye mwanga, miguu yote miwili iwe wazi mpaka mapajani, uitazame pamoja. Usiutazame mmoja peke yake, utadanganyika. Kinachotutia wasiwasi ni uvimbe wa upande mmoja uliokuja ndani ya siku chache. Kama kuna fundi wa nguo jirani, azima utepe wake. Tafuta kile kinundu cha mfupa kilicho mbele, chini kidogo ya goti, shuka sentimita 10, upime unene wa kigimbi, kisha ufanye vivyo hivyo mguu wa pili. Tofauti ikizidi sentimita 3, daktari yeyote ataichukua kwa uzito. Bonyeza ugoko kwa kidole gumba, uhesabu pole pole mpaka tano, uachilie: je, kishimo kinabaki mguu mmoja tu? Halafu weka mgongo wa mkono wako kwenye vigimbi vyote viwili, uone kama kimoja kina joto kuliko kingine.

Rangi nayo nataka niitaje, kwa sababu vitabu vingi vinasema mguu unakuwa mwekundu, na mtu mweusi akingoja wekundu atangoja mpaka mwisho. Kwenye ngozi yetu utaona imeiva kuliko upande wa pili, pengine inaelekea zambarau, na imevutika hadi inang'aa. Wakati mwingine mishipa ya juu ya ngozi ambayo haikuwa ikionekana inajitokeza.

Maumivu yake yanaanzia kwenye kigimbi, au nyuma ya goti, au upande wa ndani wa paja, na yanazidi mtu akisimama au akitembea. Ndiyo maana watu wanayachanganya na kukaza kwa misuli. Lakini msuli uliokaza unaachia baada ya dakika chache. Maumivu haya yanalala na wewe na kuamka na wewe. Tena wapo ambao hawaumwi kabisa, wanahisi mguu mzito tu, na wengine hawapati dalili yoyote mguuni mpaka pumzi iharibike. Kuna watu watakaokuambia ukunje unyayo kuelekea juu, akilia kigimbi ndiyo ugonjwa, asipolia hana. Kipimo hicho kinakosea mara nyingi mno, msikitegemee.

Miguu yote miwili ikivimba sawasawa baada ya safari, ikapungua ukilala umeiinua, kwa kawaida ni kukaa tu. Isipopungua, moyo au figo viangaliwe. Mguu wenye kidonda na homa unaweza kuwa na maambukizi ya ngozi, na hayo nayo yanataka dawa upesi. Sisemi kila mguu uliovimba upande mmoja una damu iliyoganda. Wengi wakipimwa wanakutwa na jambo jingine. Ila hakuna mtu anayeweza kulitenga hilo jikoni, si mimi wala muuza dawa wa famasi.

Sasa pumzi. Mtu mwenye mguu wa namna hiyo akianza kukosa hewa kwa ghafla, au kifua kikimchoma anapovuta pumzi ndefu, au moyo ukimwenda mbio amekaa tu, au akikohoa damu, au akizimia, hapo hata ikiwa saa nane ya usiku mnatafuta gari. Mkalisheni wima, msimpandishe wala kumshusha ngazi kwa miguu yake, mbebeni. Yaya yako alikuwa na mwanzo wa hayo na alikuwa akiliita vumbi. Vumbi la Lubumbashi la kiangazi tunalijua, lakini linatukohoza sote nyumba nzima, halichagui yule mwenye mguu uliovimba.

Kwa nini yeye? Mambo matatu yanayogandisha damu mishipani yanabeba jina la daktari Mjerumani wa karne ya 19, Rudolf Virchow, na mpaka leo ndiyo tunayoyatafuta: damu kwenda polepole, mshipa kuumia, na damu yenyewe kuganda kwa urahisi. Kigimbi ni pampu. Kila hatua unayopiga kinaminya mishipa na kuirudisha damu juu. Mtu aliyekunja magoti juu ya robota tangu Kariakoo mpaka Kasumbalesa, hawezi hata kunyoosha unyayo, pampu yake imesimama. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2007 likisema kwamba safari ya kukaa saa nne au zaidi, iwe kwa ndege, gari, basi au treni, inaongeza hatari hiyo karibu mara mbili. Kwa mtu mzima wa afya hatari bado ni ndogo: walikadiria mtu mmoja kati ya 6,000 kwa safari za ndege zinazozidi saa nne. Lakini wanaosafiri mara kwa mara katika muda mfupi, wanene, na wanaomeza vidonge vya kupanga uzazi wanabeba zaidi. Yaya yako anazo sababu mbili kwa pamoja, na saa zake ndani ya basi si nne. Hatari hiyo pia haiishi siku ya kushuka. Inaendelea kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mguu ukivimba wiki ya tatu msiseme safari ilishapita.

Hapo ndipo siri uliyopewa inapoingia. Vidonge vingi vya kupanga uzazi vina estrojeni, homoni ya kike, na estrojeni inaifanya damu igande kwa urahisi, hasa mwaka wa kwanza wa kuvitumia. Siwalaumu wanaovimeza. Mamilioni ya wanawake wanavimeza bila tatizo, na mimba yenyewe inagandisha damu kuliko vidonge. Lakini daktari lazima ajue. Hukuhitaji kuivunja siri ya yaya yako mbele ya mama mkwe. Nilikuambia uweke pakiti mkobani, na wakati wa kumpima mgonjwa umwombe muuguzi abaki na mgonjwa peke yake. Ni haki yake, na muuguzi mzuri anajua kuifanya bila makelele, anasema tu, "Mama, tunaomba mkae nje kidogo." Pakiti ionyeshwe, kwa sababu jina la dawa ndilo linaloeleza kama ina estrojeni. Zipo njia zisizo na estrojeni, kama kitanzi cha shaba, na daktari atamsaidia kuchagua. La kumwambia bwana yake ni mazungumzo yao wawili, siku nyingine, akiwa amepona. Mimi ningependa amwambie. Lakini si kwenye kitanda cha wagonjwa, na si kwa kinywa chako.

Mama mkwe. Nakusifu kwa kuuliza. Huyu mama amekaa kila jioni na beseni la maji ya moto kwenye mguu wa mke wa mwanawe, na hilo ni pendo, lisitupwe usoni pake. Usimwambie "umemuumiza." Mwambie, "Mama, umemhudumia vizuri, lakini uvimbe umepanda na sasa pumzi inamkatika. Tunakuomba utusindikize hospitali, tukisikia daktari anasema nini nawe uwepo." Mpe nafasi ya kwenda mbele. Wazee wengi wanakataa kwa sababu tumewaacha nyuma. Ila kukanda kukome tangu saa hiyo, maana kuuminyaminya mguu wenye damu iliyoganda kunaweza kumegua donge. Kufunga bila maji nako hapana: mwili uliokauka ni damu nzito zaidi. Watu wa maombi waombe, nami nitaomba pamoja nao, wakiwa benchi la hospitali au nyumbani kwao. Hakuna andiko linalosema mgonjwa azuiliwe nyumbani siku tatu.

Na huyo mwenzake wa sokoni. Mwanangu, mguu wa kushoto uliovimba baada ya kukaa basini una sababu inayojulikana na ina dawa. Mkisema amewekewa, mtapoteza siku, na mama mmoja asiye na kosa atapoteza wateja na jina lake pale sokoni. Sote tunajua tuhuma ya namna hiyo ikishatoka mdomoni inafika wapi katika mji wetu. Tafadhali mwambie jirani aliyeianza kwamba ekografi, kile kipimo cha picha, imejibu.

Kwa maana imejibu. Umenitumia ujumbe kwamba walimtazama kwa ekografi ya Dopla, wakaona donge kwenye mshipa wa paja, wakamlaza na kumwanzishia sindano za tumboni. Nimeshukuru Mungu nikiwa nimesimama. Kwa wasomaji wengine: mahali ambapo mashine haipatikani upesi, daktari anaweza kuanza dawa kwanza kwa dalili alizoziona, halafu kipimo kifuate, kwa hiyo kukosekana kwa mashine si sababu ya kubaki nyumbani. Kuna pia kipimo cha damu kinachoitwa D-dimere. Kwa mtu mwenye hatari ndogo, kikirudi chini kinasaidia kuondoa wasiwasi, lakini kikirudi juu hakithibitishi kitu peke yake. Na mkifika pale mlangoni msiseme "mguu unamuuma," mtawekwa mwisho wa foleni. Semeni yote kwa mkupuo mmoja: mguu mmoja umevimba, ametoka safari ndefu, pumzi inamkatika. Anayepokea wagonjwa ataelewa. Hospitali nyingi zinadai pesa za dhamana kabla ya kulaza, hilo tunalijua, basi mmoja wenu abaki akikusanya kwa ndugu wakati mgonjwa ameshaondoka, msimzuie nyumbani mpaka zitimie.

Sindano hizo ni heparini. Baadaye atapewa vidonge, ama warfarini inayohitaji kupimwa damu mara kwa mara ili kujua kipimo kinamfaa, ama vile vya siku hizi kama rivaroksabani. Dawa hizi haziyeyushi donge. Zinalizuia lisikue na lisizae lingine, wakati mwili wenyewe unalimaliza polepole. Kwa hiyo mguu utapungua upesi kuliko ugonjwa, na hapo ndipo watu wengi wanaacha. Asiache. Kwa kawaida ni miezi mitatu kwa uchache, daktari ndiye atakayesema. Wakati huo diklofenaki, aspirini na dawa za miti shamba asizitumie bila kumuuliza, kwa sababu zinaweza kumtoa damu. Hedhi inaweza kuwa nzito, aseme mapema. Choo cheusi, mkojo wa damu, fizi zinazotoka damu bila kukoma, au kugonga kichwa kwa nguvu, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Na asishike mimba akiwa kwenye warfarini, inamdhuru mtoto tumboni. Hii ndiyo sababu njia nyingine ya kupanga uzazi isicheleweshwe.

Nisiwasahau wengine. Mama aliyejifungua, zaidi sana kwa kupasuliwa, yuko kwenye hatari kubwa katika wiki sita za kwanza, na huyo ndiye tunayemlaza kitandani na kumkanda kuliko wote. Akisema kigimbi kimoja kinauma, sikilizeni. Aliyefanyiwa operesheni au kufungwa plasta, mgonjwa wa saratani, mwenye seli mundu tunayoiita SS, aliyewahi kupata donge zamani, au mwenye mzazi aliyepata, nao pia. Na ninyi madereva wa malori mnaolala kwenye viti foleni ya Kasumbalesa: shukeni mtembee, hata kama foleni haisogei.

Kwenye ujumbe wako uliniuliza pia kama yaya anaweza kwenda Dar mwezi ujao, kwa sababu ana deni la watu na wateja wanangoja. Hapana. Najua mwezi bila mzigo ni nini kwa mwanamke anayelisha nyumba, na sisemi kwa wepesi. Lakini anayo namba ya mtu wake wa Kariakoo. Atume pesa kwa simu, mzigo uje na wenzake wanaosafiri, awalipe chochote. Waliomkopesha uende wewe ukawaeleze kwamba amelazwa. Daktari akishamruhusu kusafiri tena, akate kiti cha njiani badala ya dirishani, robota liingie kwenye buti hata kama moyo unakataa, anywe maji na dereva asimame. Kila basi linaposimama ashuke atembee. Akiwa kitini, akunje na kukunjua unyayo mara kwa mara, visigino chini vidole juu, kisha vidole chini visigino juu. Soksi za kubana anunue kwa kipimo atakachoandikiwa, zisizomtosha zinaweza kumkaba mguu.